Kuupanga Upya Mgawanyo wa Kazi Wodini ili Wauguzi Wawe Wabunifu: Mwongozo Kamili kwa Muuguzi Kiongozi

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, nchini Uingereza, wodi ya watoto njiti ilikuwa mikononi mwa Sista (yaani muuguzi kiongozi wa wodi) Jean Ward. Siku za jua alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto wale uani, kwa sababu aliamini kwamba hewa safi na mwanga vingewafaa kuliko joto zito la ndani, kisha akiwarudisha kabla daktari hajafika kwa raundi. Siku moja alimwonyesha Dkt. Dobbs mtoto aliyevuliwa nguo, ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka mwili mzima isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu iliyokuwa na rangi ya manjano iliyokolea. Daktari akamuuliza amempaka nini, kama ni ayodini. Sista akajibu, kwa wasiwasi kidogo, kwamba anadhani ni jua: mtoto alikuwa na umanjano mwili mzima, pembe ya shuka ilikuwa imefunika sehemu ile, na kwingine kote rangi ilikuwa imefifia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, watafiti wa hospitali hiyo walichapisha majaribio yao ya kwanza ya kutibu umanjano kwa mwanga, na kutokana na hayo zikaja taa zinazotumika leo kwa watoto wachanga duniani kote. (Leo tunatumia taa hizo, kwa maelekezo, wala si jua la uani.)

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya jicho kali la muuguzi mmoja, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mimi ninakisoma kwanza kama habari ya namna kazi yake ilivyopangwa. Watoto wale walikuwa wake kutwa nzima, kila siku, kwa hiyo aliweza kuiona rangi ya jana na ya leo. Alikuwa na nafasi ya kuamua mtoto akae wapi. Matokeo ya uamuzi wake aliyaona kwa macho yake mwenyewe, na alipoona jambo geni palikuwa na mtu wa kumwambia, ambaye hatimaye alisikia. Ondoa lolote kati ya hayo, mgawie Sista Ward kazi ya kupima joto tu kwa watoto wote na kuhamia wodi nyingine wiki inayofuata, na pembetatu ile isingeonwa na mtu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa muuguzi kiongozi wa wodi, yule tunayemwita inchaji, na kwa metroni au patroni anayemsimamia. Unahusu wodi za kawaida za hospitali zetu za wilaya, za mikoa na za rufaa nchini Tanzania, ambako wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wachache. Hauhitaji bajeti mpya. Unahitaji kalamu, daftari gumu, rosta ya zamu na takriban miezi mitatu ya uvumilivu.

Hatua ya kwanza: Itazame kazi kama inavyofanyika

Kabla ya kubadili lolote, fuatana na muuguzi mmoja zamu nzima. Mweleze mapema kwamba humkagui yeye, bali unaikagua kazi. Andika kila anachofanya, muda alioanza, na kilichomfanya aache. Rudia kwa zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, maana zamu hizi tatu ni kazi tatu tofauti zinazoitwa kwa jina moja.

Utaandika mambo kama haya: anaanza kuandaa sindano ya kitanda cha 4, anaitwa mlangoni na ndugu wa mgonjwa, anarudi, funguo za kabati zimechukuliwa, anazifuata, njiani daktari anamtuma faili, anarudi kwenye trei na kusoma chati upya tangu mwanzo. Weka alama ya mkato kila anapokatizwa. Mwisho wa zamu usimwambie kitu, mpe karatasi aisome mwenyewe. Wauguzi wengi hawajawahi kuiona kazi yao ikiwa imeandikwa, na mazungumzo yanayofuata baada ya kuisoma yana faida kuliko semina ya siku mbili.

Hatua ya pili: Pima kazi, usimpime mtu

Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, J. Richard Hackman na Greg Oldham, walitoa dodoso la kuichunguza kazi yenyewe badala ya tabia ya mfanyakazi. Walitaja sifa tano: ujuzi mbalimbali unaotumika katika kazi, ukamilifu wa kazi (kwamba mtu anaanza jambo na kulifikisha mwisho), umuhimu wa kazi kwa maisha ya wengine, uhuru wa kuamua, na mrejesho unaotoka katika kazi yenyewe. Kila sifa hupewa alama kati ya 1 na 7. Kisha alama za tatu za kwanza hujumlishwa na kugawanywa kwa 3, na jibu huzidishwa kwa alama ya uhuru, kisha kwa alama ya mrejesho. Alama ya juu kabisa ni 343.

Jambo kubwa katika hesabu hii ni kule kuzidisha. Tuchukulie wodi ambayo wauguzi wanatoa alama 4 kwa ujuzi mbalimbali, 2 kwa ukamilifu, 7 kwa umuhimu, 2 kwa uhuru na 2 kwa mrejesho. Jumla ya tatu za kwanza ni 13, ukigawa kwa 3 unapata 4.3, ukizidisha kwa 2 na tena kwa 2 unapata kama 17. Ukipandisha uhuru na mrejesho hadi 4 kila kimoja, bila kugusa kingine chochote, unafika kwenye 69. Umuhimu uko kwenye 7 tayari; kila muuguzi anajua kwamba kazi yake inaokoa maisha, na hotuba za tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, haziwezi kuiongeza alama hiyo. Kilichokwama ni kwingine.

Wape wauguzi wote maswali matano, moja kwa kila sifa, kwenye karatasi isiyo na jina. Tafuta wastani wa kila sifa. Sifa mbili zilizo chini kabisa ndizo utakazoshughulikia, na kwa uzoefu wangu mara nyingi huwa ni ukamilifu na uhuru.

Oldham huyo huyo alirudi mwaka 1996, pamoja na Anne Cummings, na kuonyesha katika utafiti wa wafanyakazi wa viwandani kwamba waliotoa kazi za kibunifu zaidi ni wale wenye hulka ya ubunifu ambao pia kazi yao ilikuwa na kina, na msimamizi wao aliwasaidia bila kuwabana. Mambo hayo matatu yalikwenda pamoja. Hulka ya mtu huwezi kuibadili wewe inchaji. Hayo mawili mengine yako kwenye rosta yako na kwenye ulimi wako.

Hatua ya tatu: Acha kukata kazi vipande, gawa wagonjwa

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu, na ndipo penye ubishi.

Wodi nyingi hugawa kazi kwa vitendo. Mmoja yuko kwenye dawa, mmoja kwenye vidonda, mmoja anapima joto, mapigo na presha, mmoja anapokea wagonjwa wapya. Mpango huu una sababu yake ya haki: wauguzi watatu wakiwa na wagonjwa 35, kugawana vitendo ni njia ya haraka ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyekosa dawa. Lakini gharama yake ni kwamba hakuna muuguzi hata mmoja anayemwona mgonjwa akiwa mzima.

Nilipokuwa mgeni kazini nilipangwa kwenye dawa mwezi mzima, katika wodi ya upasuaji ya wanaume. Dawa za maumivu nilizitoa saa 12 asubuhi. Usafishaji wa vidonda ulianza saa 4, wakati mwingine saa 5, dawa ikiwa imeanza kuisha nguvu mwilini. Nilikuwa napita na toroli na kuwaona wanaume wazima wameshika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili, macho yamefumbwa, huku gozi (kitambaa cha kufunikia kidonda) iliyokauka ikibanduliwa. Nilimwambia aliyekuwa kiongozi wangu kwamba tungeweza kusogeza dozi moja, kwa kukubaliana na daktari, ili kidonda kisafishwe dawa ikiwa na nguvu. Jibu lake lilikuwa: «Wewe upo kwenye dawa. Vidonda vina mwenyewe.» Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaeleza kwa usahihi namna kazi ilivyokatwa: maumivu ya mgonjwa yalikuwa katikati ya vipande viwili, na katikati pale hapakuwa na mtu.

Isabel Menzies, aliyechunguza huduma ya uuguzi katika hospitali kubwa ya kufundishia jijini London na kuchapisha matokeo yake kufikia mwaka 1960, aliona kwamba kukata kazi vipande hakukuwa na sababu ya haraka peke yake. Kuliwakinga wauguzi na uchungu wa kumfahamu mgonjwa anayeteseka. Wagonjwa walitajwa kwa kiungo na kitanda, kama «ini la kitanda namba 10». Anayesikiliza ripoti za zamu zetu atakutana na ndugu wa ini hilo: «yule hernia (ngiri) wa kitanda cha 6». Mtu anayeshughulika na hernia hana sababu ya kubuni kitu. Hernia haina mke aliye mbali, haiogopi kukohoa, haishindwi kulala.

Njia mbadala ni kumpa muuguzi wagonjwa, badala ya kumpa vitendo. Marie Manthey na wenzake katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango ambao kila mgonjwa alikuwa na muuguzi wake mmoja mwenye dhamana ya uangalizi wake tangu kulazwa hadi kuruhusiwa. Kwa idadi ya wauguzi tulio nao hatuwezi kuuiga mpango ule wote, lakini kiini chake kinabebeka, na unaweza kukibeba hivi.

Gawa wodi katika pande, mbili au tatu kulingana na idadi ya wauguzi wa zamu ya asubuhi. Kila upande upewe muuguzi mmoja, mhudumu wa afya mmoja, na mwanafunzi kama wapo. Muuguzi huyo atoe dawa, asafishe vidonda, aongozane na daktari kwenye raundi na kuwaelimisha ndugu, kwa wagonjwa wa upande wake. Katika rosta, mrudishe muuguzi kwenye upande ule ule kwa zamu zake zote za wiki mbili, usimzungushe kila siku kwa jina la usawa. Andika jina lake kwenye kadi iliyo kichwani mwa kitanda, kwa maandishi ambayo mgonjwa aliyelala anaweza kuyasoma.

Pima uzito wa wagonjwa unapogawa pande. Vitanda 12 vyenye wagonjwa wanne mahututi si sawa na vitanda 12 vya wanaosubiri kuruhusiwa, na muuguzi akiona kwamba amepewa upande mzito kila mara ataupinga mpango wote, na atakuwa na haki.

Usiku, akiwepo muuguzi mmoja au wawili, rudini kwenye kugawana vitendo. Msione haya. Kinachotakiwa usiku ni kwamba muuguzi anapoona jambo kwa mgonjwa aliandike kwa jina la mwenye upande, ili asubuhi limfikie mtu badala ya kuufikia umma.

Baada ya wiki tatu au nne utaanza kuona vitu vidogo. Katika wodi ya wazazi niliona mkunga aliyekuwa na upande wake akitazama kwa siku mbili mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye mtoto wake alikuwa hanyonyi vizuri. Kila aliyepita kabla yake alikuwa ameandika kwamba mama ameelekezwa unyonyeshaji. Mkunga huyu aliona kwamba mama anamweka mtoto mapajani, uzito unalala kwenye mshono, na kila mtoto anaposhika titi mama anajivuta nyuma kwa maumivu, titi linachomoka. Akachukua kanga, akaikunja mara nne, akaiviringisha na kuiweka ubavuni mwa mama, mtoto akalazwa juu yake huku miguu yake ikielekea mgongoni kwa mama, chini ya kwapa. Tumbo likabaki huru. Mtoto akanyonya. Wiki iliyofuata kila mama wa upasuaji wa upande ule alikuwa na kanga iliyoviringishwa, na wakunga wa upande wa pili walikuja kuuliza. Mkao huo unajulikana vitabuni, na mkunga huyo alikuwa amefundishwa. Alichokosa miaka yote ni kukaa na mama mmoja siku ya pili.

Hatua ya nne: Chora mipaka ya uhuru kwa maandishi

Uhuru usio na mipaka humtisha muuguzi, na ana sababu: leseni yake iko Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamfunga. Muuguzi asiyejua mpaka uko wapi atakaa mbali nao kadiri awezavyo, na huko mbali hakuna ubunifu. Kwa hiyo kaeni pamoja, wauguzi wote wa wodi pamoja na daktari wa wodi, mchore karatasi yenye safu tatu.

Safu ya kwanza ni mambo yasiyoguswa: dozi, njia ya kutoa dawa, uhakiki wa damu kabla ya kuongezewa mgonjwa, utambuzi wa mgonjwa, usafi wa mikono, utakasaji wa vifaa, hesabu ya gozi na vifaa chumba cha upasuaji. Hapa mtu akiona kasoro aiseme, lakini asibadili peke yake.

Safu ya pili ni mambo ya kushauriana kwanza: saa za dawa zinazoweza kusogezwa, mkao wa mgonjwa aliyevunjika, aina ya gozi kwa kidonda sugu, muda wa mgonjwa kuanza kutembea baada ya upasuaji.

Safu ya tatu ni mambo yaliyo mikononi mwa muuguzi mwenyewe, na hii iwe ndefu kuliko mlivyozoea. Mpangilio wa kazi zake ndani ya zamu. Namna ya kupanga toroli. Namna ya kumfundisha ndugu kumgeuza mgonjwa. Maneno na michoro ya kuelezea dawa kwa asiyejua kusoma. Kumruhusu ndugu mmoja kukaa na mgonjwa mwenye hofu nje ya saa za kutazama wagonjwa. Mpangilio wa vitanda katika upande wake. Kila mtu asaini, na karatasi ibandikwe chumba cha wauguzi. Jambo likiwa safu ya tatu, wewe inchaji huna ruhusa ya kumuuliza muuguzi kwa nini hakukuomba ruhusa. Unaweza kumuuliza matokeo yalikuwaje.

Mtakapobishana jambo likae safu gani, mbishane kweli. Ubishi huo ni sehemu ya kazi.

Hatua ya tano: Rudisha muda uliopotea

Akili inayokatizwa kila dakika haibuni kitu, na zaidi ya hapo hukosea. Mwaka 2010 Johanna Westbrook na wenzake walichapisha uchunguzi wa wauguzi 98 wakitoa dawa katika hospitali mbili za Sydney, Australia. Kila walipokatizwa mara moja, makosa ya utaratibu na makosa ya dawa yenyewe yaliongezeka kwa takriban asilimia 12. Rudi kwenye karatasi zako za hatua ya kwanza, uhesabu zile alama za mkato.

Mchague mtu mmoja kila zamu, anaweza kuwa mhudumu wa afya, ambaye wakati wa dawa anapokea simu na kuwasikiliza ndugu walioko mlangoni. Funguo za kabati zikae mahali pamoja, kwa daftari la kusaini. Kuhusu vifaa, wengi wetu tumefundishwa 5S, mpango wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi ambao Wizara ya Afya ilianza kuutumia mwaka 2007 kwa msaada wa Japani, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mfano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Katika wodi nyingi mpango huo umebaki kuwa vibandiko ukutani na usafi wa siku ya ukaguzi. Uufufue kwa lengo moja tu, kwamba muuguzi asitembee kutafuta kitu anachokihitaji kila zamu, na uwaachie wauguzi wa kila upande waamue wenyewe kitu gani kikae wapi.

Katika muda mtakaookoa, tengeni dakika 20 kwa wiki, siku na saa isiyobadilika, kwa kikao cha wodi. Kiwe cha kusimama, kabla ya makabidhiano ya mchana, ili zamu mbili zikutane.

Hatua ya sita: Mfikishie muuguzi habari za mwisho wa kazi yake

Mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya kanda na asisikike tena. Mama huruhusiwa na kidonda chake kikafunguka nyumbani, akatibiwa zahanati ya kijijini kwake. Muuguzi aliyewahudumia hajui lolote kati ya hayo, na mtu asiyejua kilichotokea hana cha kurekebisha.

Fanyeni mambo mawili tu. La kwanza, ripoti ya zamu itolewe kitandani badala ya kwenye meza, muuguzi anayeondoka na anayeingia wakiwa wamesimama mbele ya mgonjwa, naye akiulizwa usiku wake ulikuwaje. Mambo ya siri yasemwe pembeni. La pili, kila wiki mtu mmoja apige simu tatu, kwa wagonjwa walioruhusiwa kwa ridhaa yao au kwa wodi zilizopokea rufaa, na majibu yasomwe kwenye kile kikao cha dakika 20, pamoja na jina la muuguzi aliyekuwa na mgonjwa huyo.

Hatua ya saba: Pokea wazo kwa utaratibu

Anita Tucker na Amy Edmondson walichapisha mwaka 2003 utafiti wa wauguzi katika hospitali 9 za Marekani. Waliona kwamba wauguzi hutatua matatizo siku nzima, na kwa ustadi: shuka zimekwisha, wanaazima wodi ya jirani, dawa haijafika, wanaifuata wenyewe. Tatizo linaisha kwa mgonjwa yule, na kesho linarudi kama lilivyo, kwa sababu aliyelitatua hakumwambia mtu. Kila kiongozi anayeisifu wodi yake kwamba «wanajua kuhangaika» na atafakari hilo. Kuazima shuka kila siku ni akili inayoteketea katika kuziba tundu lile lile.

Nunua daftari gumu, liwekwe kwenye meza ya wauguzi. Kila ukurasa uwe na sehemu nne: tatizo lililoonekana, kilichofanywa papo hapo, wazo la kulimaliza, na jina la mwenye wazo. Yeyote aandike, akiwemo mhudumu wa afya na mwanafunzi. Wewe ujibu kwa maandishi ndani ya siku saba, hata kama jibu ni hapana, na hapana iwe na sababu inayoeleweka.

Wazo lililokubaliwa lijaribiwe padogo: upande mmoja, wiki moja, likiongozwa na mwenye wazo. Kabla ya kuanza andikeni mtakachohesabu. Kama ni kusogeza dozi ya maumivu, hesabuni wagonjwa waliotaja maumivu makali wakati wa kusafishwa kidonda, wiki moja kabla na wiki moja baada. Wazo linalogusa dawa lipite kwa daktari na mfamasia; linalogusa vidonda au vifaa lipite kwa msimamizi wa kinga na udhibiti wa maambukizi. Kisha mwenye wazo mwenyewe aeleze matokeo.

Na jina lake liende pamoja na wazo hadi juu. Ripoti yako kwa metroni itaje nani aliliona, nani alilijaribu. Nimeona wazo la muuguzi wa zamu ya usiku likitokea kwenye ripoti ya robo mwaka kama «ubunifu wa uongozi wa wodi», na sijaona daftari likiandikwa tena katika wodi ile.

Hatua ya nane: Linda mzigo

Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kwamba kazi yenye mzigo mkubwa na uhuru mdogo humchosha na kumuumiza mtu, ilhali mzigo mkubwa ukiambatana na uhuru mkubwa huweza kumfanya ajifunze. Wapo wanaoisoma kauli hiyo kama ruhusa ya kuongeza mzigo mradi uhuru umeongezwa. Siikubali tafsiri hiyo. Muuguzi mmoja na wagonjwa 40 hana uhuru wowote wa maana, hata ukimwandikia safu tatu za dhahabu, kwa kuwa hana dakika ya kuutumia.

Kwa hiyo mpango huu usitumike kufunika upungufu. Glavu zikikosekana, jibu ni barua kwa ugavi yenye tarehe na idadi, na nakala kwa mganga mfawidhi, wala si kumsifu muuguzi aliyebuni namna ya kufanya kazi bila glavu. Kila wazo la daftarini linalozaliwa na ukosefu wa kifaa cha usalama lipigiwe mstari mwekundu, lisijaribiwe, lipelekwe juu kama madai. Na kila mnapoongeza jambo jipya, tafuteni la zamani la kuondoa. Wodi zina rejista mbili zinazojazwa habari zile zile kwa miaka, na hakuna anayekumbuka ya pili ilianzishwa na nani.

Hatua ya tisa: Pima tena, na ukabidhi

Baada ya miezi mitatu rudia yale maswali matano na lile zoezi la kufuatana na muuguzi zamu nzima. Linganisha alama, makatizo, na idadi ya kurasa za daftari zilizojazwa na zilizojibiwa. Alama ya uhuru ikiwa haijapanda, chunguza kwanza mwenendo wako mwenyewe kabla ya kuichunguza rosta. Mara nyingi utagundua kwamba bado unaulizwa mambo ya safu ya tatu, na bado unayajibu.

Uhamisho hutokea, na wodi nyingi hurudi kwenye kugawana vitendo wiki ile ile inchaji anapoondoka. Daftari, karatasi ya safu tatu na rosta za miezi mitatu viandikwe kwenye orodha ya makabidhiano pamoja na vitanda na mashine, visainiwe. Siku ya kukabidhi, mpitishe anayekupokea kitanda kwa kitanda, na katika kila upande unyamaze, muuguzi mwenye upande amweleze mwenyewe wagonjwa wake kwa majina na jambo analolijaribu wiki hiyo.